Baraka ya Koplo Elijah

Bwana DC alimzungusha Elijah Mwandawiro mara mbili kwenye veranda ya ofisi ya Voi, kama mtu anayechagua mbuzi sokoni, kisha akasema koti halifai.

"Viwiko vimechakaa," karani Maundu akamfafanulia, ingawa Elijah alikuwa amesikia vizuri. "Bwana anauliza, huna lingine?"

"Hili ndilo la kanisani."

DC akasema neno kwa Kiingereza akaingia ndani. Baada ya kitambo mpishi wake akatoka na koti la kaki lililopauka, akalinyoosha kwa vidole viwili. Lilikuwa koti lake mwenyewe la kwendea sokoni, na hakuficha kwamba amekereka. "Usinitolee jasho humo," alisema. Basi Elijah, mzee wa kanisa kule Wusi, mtu wa miaka arobaini na sita aliyepigana Habeshi na Burma, akavua koti lake mbele ya watu waliokuja kulipa kodi, akavaa la mpishi. Maundu akamsaidia kubandika nishani mbili kifuani. Nishani zilikaa sawasawa, ila mikono ya koti iliishia juu ya vifundo.

Wewe utasema ungekataa. Ngoja kwanza usikie alikuwa anatafuta nini.

Alikuwa anatafuta mtoto wake. Crispus, kifungua mimba, alikuwa akipiga pasi kwa dobi mmoja huko Nairobi na kulala chumba kimoja na vijana wawili Wakikuyu. Ule msako mkubwa wa kuwakamata Wakikuyu mwaka wa hamsini na nne ulipopita mtaani kwao, askari hawakuuliza nani Mtaita nani si Mtaita. Wote watatu walipakiwa loli moja. Sasa ulikuwa mwezi wa sita mwaka wa hamsini na tano, na kijana alikuwa katika kambi ya mahabusu huko nyikani, ndani ya seng'enge, hajashtakiwa wala hajahukumiwa. Wiki tatu nyuma, askari jela mmoja wa kwao alikuwa amempitishia Wakio, mama yake, habari mbaya. Homa ya matumbo imeingia kambini, Crispus yuko katika banda la wagonjwa, hali chakula. Wengi wanaolazwa banda lile, alisema, wanatolewa wamefunikwa blanketi hadi usoni.

Na Ijumaa Gavana mpya alikuwa anakuja Voi. Huyo Gavana, Sir Edmund Hallworth, kabla hajawa Sir wa mtu yeyote alikuwa Meja Hallworth wa jeshi la Keya, na Elijah alikuwa koplo wake.

"Mzee, Mungu amekupenda," Maundu alisema wakati DC yuko ndani. Maundu alikuwa Mkamba wa pale Voi, roho safi, maneno mengi. "Sikiliza mpango. Gavana anashuka gari moshi saa nne. Anakagua wazee wa vita. Halafu Bwana DC anataka mzee mmoja ambariki kwa desturi yenu, ile ya maji. Amesoma mahali kwamba Wataita mnawapulizia wageni maji kwa mdomo."

"Kutasa," Elijah alisema.

"Hiyo hiyo. Nimekuandika wewe. Ukimaliza tu kupuliza, unatoa barua ya kijana. Nimeichapa mwenyewe, haina kosa hata moja. Mbele ya umati wote ule, akiwa amefurahi, atakataa?"

"Kutasa si kupuliza tu. Kuna maneno yake."

"Sema maneno yoyote mazuri, mzee! Hata sisi Wakamba tunatema mate tukibariki. Sema, puliza, toa barua, kaa." Akamgeuza kwa bega kutazama mgongo wa koti. "Na usikunje mkono sana, litararuka."

Elijah akashuka ngazi bila kuaga. Maundu alidhani ni furaha imemzidi.


Wakio alikuwa shambani Wusi akivuna maharagwe Elijah alipofika, na kabla hata hajamuuliza habari za Voi, Elijah akasema, "Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kumtasia yule mtu."

Wakio hakuwa mwanamke wa kubembeleza. Alikuwa mwanachama wa Umoja wa Akina Mama, akisali mara tatu kwa siku, na hata hivyo alijua, kama kila mtu milimani alivyojua, kwamba hasira ya mtu mzima ikiwekwa moyoni haikai bure. Inatafuta mtu wa kumdhuru. Na haimtafuti yule uliyemkasirikia, ingekuwa nafuu. Inatafuta wa nyumbani kwako. Dawa yake ni moja tu, mwenye hasira aitoe mwenyewe kwa hiari, apulize maji na kumtakia mwenzake mema.

"Elijah, kaa chini," alisema. "Miaka kumi nimekutazama. Ulitoka vitani na kitu ndani, nikasema kitapita. Ng'ombe wakafa, nikasema ni ugonjwa. Mimba yangu ya mwisho ikatoka, nikasema ni Mungu. Sasa ni Crispus. Leo utaniambia. Una nini na huyo mzungu?"

Elijah aliketi juu ya tuta. Akachuma ganda la haragwe, akalipasua, akalipasua tena.

"Mwakisha hakufa kwa homa," alisema.

Mwakisha alikuwa mdogo wake. Mama yao alikufa akiamini ni homa, kwa sababu Elijah ndiye aliyemwambia hivyo.

"Kulikuwa na mto. Meja alinituma nivuke alfajiri nichungulie. Nikaogelea, nikarudi, nikamwambia, Bwana, ng'ambo kuna rashasha tatu zimefukiwa mchangani, tungoje ndege zije kwanza. Akaniambia, koplo, wewe unaogopa. Nikamwambia siogopi, nimeziona. Basi akamchukua Mwakisha akamtia mashua ya kwanza, mimi nikitazama, ili nione haya. Mashua tatu zilitoka. Watu kumi na saba hawakufika ng'ambo." Akalitupa lile ganda. "Ndege zilikuja saa saba. Yeye alivuka saa nane, viatu vikavu. Wakampa nishani."

Wakio alikaa hapo hapo kwenye udongo, maharagwe yamejaa kwenye kanga. Alimlilia Mwakisha, ambaye alimjua akiwa kijana wa kupenda kuimba na kuiba miwa, na alimlilia bila kujificha uso. Alipomaliza akajipangusa kwa nyuma ya mkono.

"Basi Ijumaa utaitoa."

"Wakio, kutasa unaijua. Lazima niseme kwanza nilikasirikia nini. Nikinyamaza nikapuliza, hayo ni maji tu, nimemlowesha mtu."

"Ndiyo, useme."

"Mbele ya DC? Mbele ya polisi?"

"Useme taratibu, kwa heshima, kofia ukiwa umeiweka chini. Nani asiyetaka kutolewa hasira? Mtu akisikia kwamba kuna mwenzake amembebea jambo miaka kumi, na leo anamwachilia kwa hiari yake, hafurahi? Hata mzungu ana moyo. Atakushukuru, Elijah. Na akikushukuru, atasoma barua."

"Na mchungaji? Amekataza mambo haya."

"Mchungaji watoto wake wote wako nyumbani."

Usiwacheke. Milimani ndivyo ilivyokuwa. Mtu akikujia akakwambia, nilikuwa na hasira nawe kwa jambo fulani na leo naitoa, alikuwa amekupa kitu kikubwa kuliko fahali, na wewe ulimwita mkeo aweke sufuria motoni. Ni nani angewaambia wale wawili, kwenye shamba lao la maharagwe, kwamba kuna watu duniani ambao ukiwapa zawadi hiyo wanaita polisi?


Ijumaa saa tatu uwanja wa karibu na stesheni ulikuwa umejaa. Jua la Voi halina huruma hata mwezi wa sita. Watoto wa shule walipewa bendera za karatasi wakaambiwa wasizile. Wazee wa vita ishirini na wawili walisimama mstari mmoja katika vumbi jekundu, na mzee mmoja wa Mahoo alikuwa tayari ameanguka kwa joto akaburutwa hadi kivulini. Wakio alikaa nyuma kwenye kundi la wanawake na kapu mapajani. Ndani ya kapu alikuwa amekunja shati na suruali ya Crispus, kwa maana alijiambia, huenda wakamtoa leo leo, na nguo za kambi zinanuka.

Gavana alishuka kwenye gari moshi akiwa katika sare nyeupe na kofia ya manyoya, mrefu, kifua kimejaa nishani. Alipita mstari akiwapa wazee mkono mmoja mmoja. Alipofika kwa Elijah alisimama.

"Koplo Elijah!" alisema, na uso wake wote ukabadilika. "Wewe iko hai bado! Wewe nakwisha zeeka, mimi pia nakwisha zeeka!"

Watu wakacheka. Kusema haki, alikuwa amefurahi kweli. Alimshika Elijah bega, akamgeuza kuelekea umati, akapaza sauti kwa kile Kiswahili chake cha Keya ambacho hakikuwa kimebadilika hata kidogo.

"Huyu mtu alikuwa na mimi kwa mto! Japani iko ng'ambo, mingi sana. Sisi iko kidogo. Mimi nasema, twende! Na hapana hata mtu moja aliogopa. Hata moja!"

Makofi yakalia. DC akampigia Maundu jicho, na Maundu akaja mbio na kibuyu cha maji, kibuyu kizuri cha shanga walichoazima mahali ili kipendeze kwenye picha. Mtu wa gazeti kutoka Mombasa akainua kamera yake.

Elijah alivua kofia akaiweka chini. Akashika kibuyu kwa mikono miwili. Kule nyuma Wakio akaanza kusali.

"Bwana Gavana," Elijah alisema. "Kwetu mtu hawezi kumbariki mwenzake akiwa na neno naye. Mimi nina neno nawe. Nataka kulitoa hapa mbele ya watu, lisirudi tena."

DC alikuwa bado anatabasamu.

"Pale mtoni nilikwambia kuna rashasha. Ukaniita mwoga. Ukamtia Mwakisha, mdogo wangu, mashua ya kwanza kwa sababu yangu. Watu kumi na saba wakafa maji yakiwa mekundu, na wewe ukavuka mchana baada ya ndege. Nilikuchukia, Bwana. Nimekula nikikuchukia, nimeomba kanisani nikikuchukia. Hasira hiyo imeniharibia nyumba, na leo mtoto wangu ni mgonjwa kambini kwa ajili yake. Sasa naitoa. Sitakudai Mwakisha tena. Uwe na amani. Watoto wako wawe na amani. Nchi unayoitawala ipate mvua."

Akapiga funda la maji, akapuliza kulia, akapuliza kushoto, kisha akapuliza mbele. Upepo wa Voi ukayachukua ya mwisho ukayatua kwenye sare nyeupe, kwenye nishani, na kidogo kwenye kidevu cha Gavana.

Inspekta wa polisi alikuwa ameshika bastola yake kiunoni bila kuichomoa. Kijana mmoja wa kizungu, msaidizi wa Gavana, aliruka akaanza kumpangusa bwana wake kifua kwa leso kama anayempangusa mtoto uji, na Gavana akamsukuma mkono. Uso wake ulikuwa umekuwa mwekundu, kisha ukaisha damu kabisa. Alikuwa akimtazama Elijah, na Elijah naye alikuwa akimtazama, machozi yakimtoka, akitabasamu. Maskini, alikuwa mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu Burma pumzi ilikuwa inaingia hadi chini.

"Sasa sina neno nawe," alisema, akatoa barua kwa mikono miwili. "Hii ni ya mtoto."

Gavana akaipokea. Bendi ya polisi ikaamrishwa ipige, ikapiga. Askari wawili wakamshika Elijah mikono, mwanzo kwa adabu, wakampeleka nyuma ya ghala la stesheni. Wakio akawaambia wanawake waliokuwa karibu naye kwamba mumewe anapelekwa kupewa chakula.


Wakio alimkuta mumewe alasiri ile ile katika kituo cha polisi, ndani ya nondo, akiwa na fulana tu. Mpishi wa DC alikuwa amekuja mapema zaidi yake. Alidai koti lake, akakuta limepasuka kwapani, akatukana mpaka askari wakacheka. Nishani zilivuliwa zikawekwa kwenye kapu la Wakio, juu ya shati la Crispus.

Maundu alifika na bahasha, amelowa jasho.

"Mzee, umenimaliza," alisema. "Umenimaliza kabisa. Mimi ndiye niliyekuandika jina! Si ilikuwa iwe baraka?"

"Ilikuwa baraka," Elijah alisema.

"Baraka gani ya kumwambia mtu ameua watu kumi na saba?"

"Maundu," Wakio akaingilia, "barua aliisoma?"

Karani akajipangusa shingo. Alichungulia mlangoni, akasogea karibu na nondo.

"Aliisoma ndani ya gari moshi. Mara mbili. Nilikuwa nimesimama pale pale. Halafu akaniuliza mimi, kwa Kiswahili, kama huyo Mwakisha aliacha mke."

"Ukamjibu nini?"

"Ningejuaje? Nikasema sijui."

"Alikuwa hajaoa," Elijah alisema.

"Basi hivyo. Akakaa anatazama dirishani. Nikadhani mambo yamekwisha. Lakini DC akamwambia, Bwana, hili haliwezi kuachwa hivi, mtu wa gazeti ameandika kila kitu, na nchi iko katika hali ya hatari. Wakaongea Kiingereza kirefu. Mwisho Gavana akasema fanyeni mnavyoona, asiadhibiwe mtu. Ndipo ikatengenezwa hii."

Alitoa karatasi akaisoma kwa sauti ya chini. Mimi, Elijah Mwandawiro wa Wusi, siku ya Ijumaa nilikuwa nimelewa mbangara. Maneno yote niliyomwambia Mheshimiwa Gavana ni ya uongo. Meja Hallworth alivuka mto mbele yetu sote. Naomba radhi.

"Itasomwa kanisani Wusi Jumapili, na kwa baraza la chifu," Maundu alisema. "Ukitia sahihi, Crispus anatoka Jumatano. Wamekwisha andika cheti chake, nimekiona kwa macho yangu, na gazeti litaambiwa ni mlevi. Usipotia, kijana anabaki, na wewe unamfuata huko huko. Na kuna lingine. Siku ukisikika unasema vinginevyo, kwa mtu yeyote, kijana anarudishwa. Yeyote, mzee."

"Sijaonja pombe tangu nibatizwe."

"Najua."

"Wusi nzima inajua."

"Mimi nachapa tu, mzee," Maundu alisema, akiikunja na kuikunjua bahasha.

Elijah alishika nondo. Hakumtazama Maundu tena, alimtazama mkewe.

"Nilikwisha yatoa, Wakio. Nikisema ni uongo, nimeyarudisha tumboni. Na safari hii siwezi kuyatoa tena mpaka nife."

"Yarudishe."

"Wewe ndiye uliyeniambia..."

"Nilikwambia. Nilikosea! Nilidhani watu wote ni watu. Sasa nakwambia meza. Meza, Elijah, mtoto atoke."

"Na ikirudi ndani ya nyumba, itamtafuta nani?"

"Initafute mimi," Wakio alisema. "Niko hapa. Initafute mimi, nimekwisha zaa."

Maundu akageukia ukuta. Elijah aliomba kalamu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, mwandiko wa shule ya misheni, na jina lake alilimaliza bila kuinua mkono.


Jumapili mchungaji aliisoma karatasi bila kuinua uso. Hakuisoma vizuri, alirukaruka mistari, mpaka askari wa chifu aliyetumwa kusikiliza akakohoa pale nyuma, ikabidi aanze upya. Alipofika mahali pa mbangara, kanisa zima lilizungusha macho kumtafuta Elijah, ambaye alikuwa ameketi kwenye benchi la wazee kama kila Jumapili. Mchungaji akamwomba ahame. Sheria ni sheria. Mlevi anakaa nyuma miezi sita, bila meza ya Bwana, na Elijah mwenyewe alikuwa amewahamisha watu wanne kwa sheria hiyo hiyo. Alipita katikati ya kanisa na kofia mkononi. Vijana wa nyuma wakasogea wakampa nafasi, mmoja akamnong'oneza, "Karibu, mzee, huku ndiko sisi," si kwa ubaya.

Baadaye Gertrude alimngoja langoni. Huyo alikuwa mjane, mumewe naye alikuwa Burma, na serikali ilimwandikia barua ya mistari miwili.

"Elijah, nilikuwepo Voi," alisema. "Mume wangu alikuwa mashua ipi?"

Elijah alitazama viatu vyake.

"Nakuuliza tu. Sitamwambia mtu. Ya kwanza au ya pili?"

Wakio akamvuta mumewe mkono, wakaenda. Gertrude hakuwafuata. Nusu ya kanisa walikuwepo Voi siku ile na hakuna aliyenusa pombe kinywani mwake, lakini karatasi ilikuwa imesomwa na sahihi ilikuwa yake, na hakuna aliyekuwa na la kufanya na alichokijua. Siku mbili zilizofuata Wakio alikwenda mtoni peke yake, wanawake wengine wakimwona wanakumbuka kazi zao.


Crispus aliletwa Jumatano mchana. Loli la serikali lilimshusha barabarani chini ya kilima, naye akapanda kwa miguu, akipumzika kila baada ya hatua chache. Wakio alimwona toka juu akadhani ni mzee fulani anakuja. Alipomtambua alikimbia, kanga ikamdondoka njiani asiiokote. Kijana alikuwa amenyolewa, shingo imekuwa nyembamba, macho makubwa. Lakini alikuwa anacheka. Hicho ndicho kilichomshangaza mama yake, alikuwa anacheka.

Walimkalisha jikoni karibu na moto. Wakio akampa uji kwenye bakuli kubwa, akasimama juu yake kuhakikisha unapungua. Elijah alikuwa ameketi kwenye kigoda upande wa pili. Alimtazama mwanawe, asiamini, akisema tu "Haya, haya," kama anayetuliza ng'ombe.

"Baba," Crispus alisema, "unajua kambini wote wanakujua?"

Elijah akainua uso.

"Askari jela alituletea habari Ijumaa hiyo hiyo. Kabla ya jua kuzama nyua zote zilikuwa zinajua. Kuna mzee Mtaita amesimama Voi mbele ya Gavana, mchana kweupe, akamwambia damu aliyomwaga. Wakauliza, jina? Mwandawiro. Wakaja kwenye banda la wagonjwa wakaniuliza, wewe ni nani wake? Nikasema ni baba yangu." Akacheka tena, akakohoa, akashika kifua. "Kuna mzee mmoja wa Nyeri, hajui hata Kiswahili. Alivua blanketi lake akanifunika. Baridi yote ile, Mama! Akalala bila kitu. Mimi nilikuwa nimekwisha kata tamaa, sikufichi. Nilikuwa sili tena, chakula nikikiona nageuka ukutani. Siku ile nilikaa nikala. Nikasema siwezi kufa hapa, nami ni mtoto wa mtu kama yule."

"Kunywa uji," Wakio alisema.

"Nakunywa. Baba, niambie mwenyewe. Nimesikia kwa watu kumi na kila mtu ana lake. Wengine wanasema ulimtemea uso. Wengine wanasema alilia. Ulimwambiaje? Anza mwanzo kabisa, tangu huko mtoni, nataka nikariri neno kwa neno."

Wakio aliacha mwiko ndani ya sufuria. Hapakuwa na mtu mwingine pale, ni wao watatu, mlango umefungwa. Elijah angeweza kumwambia. Lakini alimtazama kijana, yale macho, ule mdomo uliokuwa hauwezi kufunga, akaona kesho sokoni, akaona kesho kutwa kwa chifu, akaona loli lile lile chini ya kilima. Miaka ishirini na moja haijui kukaa na jambo kama hilo. Ukimwambia asiseme, atasema kwa kujisifu kwamba amekatazwa.

"Hakuna cha kukwambia," Elijah alisema. "Nilikuwa nimelewa, mwanangu."

Crispus akatabasamu, akingoja mzaha uishe.

"Wewe hunywi, Baba."

"Siku ile nilikunywa. Palikuwa na mbangara huko Voi, wazee wa vita walinikaribisha. Nikapayuka. Hata sikumbuki nilisema nini. Ilikuwa uongo, yule bwana alivuka mbele yetu sote. Nimekwisha omba radhi, kanisani imesomwa."

Kijana akamgeukia mama yake.

"Mama?"

Wakio alikuwa amewapa mgongo. Alichukua kuni moja akaisukuma motoni, ingawa moto ulikuwa mwingi.

"Alikunywa," alisema.

Crispus aliweka bakuli chini, uji ukiwa nusu. Wakio akamwambia ale kwanza, uji bado mwingi, lakini kijana alikuwa amekwisha geukia ukuta.